Bumu, Kimbweta na Kitanda cha Mwenzako

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2021, fasti yia, yaani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyetoka mkoani alikuwa na bahati asiyoijua: basi lake liliishia Ubungo, na Ubungo ni jirani wa chuo. Februari ya mwaka huo stendi ya mabasi ya mikoani ikahamishiwa Mbezi Luis, mbali zaidi kwenye Barabara ya Morogoro, na bahati hiyo ikaisha. Siku hizi anayetoka Kigoma au Kyela, aliyekaa kwenye kiti tangu alfajiri, hushukia Mbezi giza limeshaingia, akiwa na begi, ndoo yenye mfuniko, na bahasha ya kaki aliyoikumbatia safari nzima kwa sababu ndani yake mna vyeti. Bahasha hiyo ndiyo humtangaza. Bodaboda hawana haja ya kumuuliza anakwenda wapi. Humtajia bei ya chuoni, na haiwi bei ya mwenyeji.

Wanaotoka Dodoma na Morogoro wamepata njia nyingine tangu katikati ya mwaka 2024, treni ya SGR. Hiyo nayo huwashusha katikati ya mji, na chuo kiko kilomita 13 hivi kutoka huko. Kwa vyovyote vile, somo la kwanza la Dar es Salaam ni nauli.

Sensa ya 2022 ililikuta jiji hili lina watu 5,383,728. Mtoto wa Makete au Ngara aliyezoea kusalimia kila anayepishana naye njiani hugundua ndani ya nusu saa kwamba akiendelea hivyo hatafika. Na joto nalo halimsubiri azoee. Mwaka wa masomo huanza kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, wakati jua la pwani linaanza kupanda kuelekea ukali wake wa Januari na Februari, kwa hiyo aliyekuja na sweta la Njombe hulikunja siku ya kwanza na kulifanya mto.

Chuo chenyewe hakikuanzia mlimani. Kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kitivo kimoja tu, cha sheria. Wanafunzi hawakufika 15. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima kilichokipa jina lake la mtaani, Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Hesabu hii ndogo ni ya kukumbukwa, maana mambo mengi yanayomsumbua mwanafunzi wa leo yanatokana na mfumo uliobuniwa kwa ajili ya watu wachache. Wakati ule taifa lilihitaji mahakimu, wahandisi na walimu haraka, likawasomesha wachache hao kwa gharama zake: karo, chumba, sahani ya chakula. Wazee waliosoma Mlimani miaka ya 1970 bado husimulia mlo wa kantini kwa kirefu kuliko wanavyosimulia mihadhara. Mwaka 1992 serikali ilianza sera ya kuchangia gharama, na hatua kwa hatua sahani ikaondoka mikononi mwa chuo na kuhamia mikononi mwa mwanafunzi.

Kitanda kilifuata njia hiyohiyo.

Ukweli wa vitanda Mlimani ni kwamba havijawahi kutosha tangu milango ilipofunguliwa kwa wengi. Kuna mabweni ya zamani ndani ya chuo, yale yanayoitwa kwa namba, Hall One na kuendelea. Kuna Mabibo Hosteli, ng'ambo ya Barabara ya Morogoro. Aprili 2017 yakafunguliwa majengo 20 yanayoitwa Hosteli za Magufuli, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo kwa shilingi bilioni 10 na kuchukua wanafunzi 3,840, yaani watu 192 kwa kila jengo. Kwa mkupuo mmoja ilikuwa hatua kubwa kuliko nyingi zilizotangulia. Hata hivyo orodha ya waliopata vyumba inapotoka, kuna watakaoipitia juu hadi chini, kisha chini hadi juu, na jina lisionekane.

Hapo ndipo fasti yia anapokutana na taasisi isiyoandikwa kwenye kitabu chochote cha mwongozo: kubebana. Aliyepata kitanda humbeba asiyepata. Kitanda ni cha mtu mmoja, upana wake unajulikana, na watu wawili wazima hulala mzungu wa nne, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Chumba kilichopangiwa wanne huweza kuwa na sita au saba. Chuo hakikubali, na kina sababu: maji, vyoo, usalama, moto. Ukaguzi ukisikika unakuja, aliyebebwa hutoka na taulo begani kama mtu anayekwenda kuoga, akarudi saa mbili baadaye. Ana sheria zake naye. Hapiki kabla ya mwenyeji, haleti mgeni, hutandika kitanda asubuhi bila kuambiwa, na fedha ya mkopo ikitoka hununua sabuni na mchele. Hakuna mkataba wala kodi. Mara nyingi mbebaji na mbebwa hawakujuana kabla ya Novemba. Kilichowaunganisha ni kwamba mmoja alisoma shule moja na binamu wa mwenzake.

Wengine hupanga geto, yaani chumba cha mtaani. Msewe, Changanyikeni, Makongo, Survey, Sinza kwa wenye nafuu: vitongoji hivi vimejengeka kwa sehemu kubwa kwa ajili ya mwanafunzi na vinaishi kwa kalenda yake. Ukipita Msewe wakati wa likizo ndefu utaona vibanda vya chipsi vimefungwa na steshenari zimelala. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa pamoja, na kwa mtu ambaye fedha yake haijaingia, hiyo ni hukumu ya kumrudisha kwenye kitanda cha mwenzake.

Fedha yenyewe inaitwa bumu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, lakini hakuna mwanachuo anayesema amepokea fedha za chakula na malazi kutoka Bodi. Bumu limetoka, basi. Kiwango chake kilikuwa shilingi 8,500 kwa siku hadi mwaka wa masomo wa 2022/2023, kilipopandishwa kuwa 10,000. Juu yake kuna shilingi 200,000 za vitabu na viandikwa kwa mwaka.

Shilingi 10,000 kwa siku si ndogo ukiitazama peke yake. Tatizo ni kwamba haiji kwa siku. Huja kwa mkupuo wa karibu miezi miwili. Mtu wa miaka 19 au 20, ambaye hela kubwa kuliko zote aliyowahi kushika ni nauli ya kurudi shule, huamka na kukuta laki sita kwenye akaunti. Jioni hiyo Mlimani hubadilika. Foleni ya mashine za kutolea fedha huzunguka kona. Chipsi kuku hushinda wali maharage. Viatu vya Mwenge hubadili miguu. Kuna namna ya kutembea ya siku ya bumu ambayo mhadhiri mzoefu huitambua akiwa mbali, na siku ya pili yake hashangai ukumbi ukiwa na nafasi.

Ni rahisi kucheka, na wenyewe hucheka kuliko wote. Ila yeyote atakayefuatilia laki sita hizo ataona njia nyingine ambazo hazipigwi picha. Kiasi hurudi kijijini kwa simu usiku uleule, kwa sababu mdogo wake anadaiwa michango ya shule na mama hana pa kukopa. Kiasi hulipa madeni ya duka la Msewe. Kiasi huenda kwa aliyembeba. Wiki ya sita bumu huwa limekata, na mlo hushuka kutoka mitatu hadi miwili, kisha huwa ule mmoja unaoliwa saa kumi jioni kwa makusudi, ili ushike mpaka kesho. Wanaita pasi ndefu.

Na hao ndio waliopata. Majina ya mkopo hutoka kwa awamu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu dirisha la rufaa. Wakati huohuo masomo yameshaanza. Aliyeko kwenye rufaa huhudhuria darasa lilelile, huandika jaribio lilelile, na hakuna anayeona tofauti mpaka afike saa ya chakula.

Kabla ya kufika darasani kwenyewe kuna usajili. Huanzia kabla hata ya safari: aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, utaratibu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Akifika huingia kwenye mfumo uitwao ARIS, atengeneze kontrol namba, alipe, apige picha ya kitambulisho, alipe na bima ya afya ya shilingi 50,400. Mtandao ukielemewa, wanafunzi husogea pamoja wakishika simu juu mithili ya watu wanaotafuta mwezi wa Ramadhani. Mwaka wa pili aliyeketi kivulini ndiye atakayemwambia fasti yia ukweli: jaribu saa nane usiku, mfumo unakuwa mwepesi. Dawati la maelezo halisemi hivyo.

Ndani ya ukumbi wa mihadhara kuna mshangao wa aina nyingine. Kila aliyeko pale alikuwa kipanga kwao. Aliyeongoza kidato cha sita shuleni kwake ameketi kati ya watu mia kadhaa walioongoza shuleni kwao, wengine wamekaa kwenye ngazi, wengine wamesimama dirishani. Kozi ya DS 112, mitazamo ya maendeleo, ambayo husomwa na wa mwaka wa kwanza kutoka fani mbalimbali, ndiyo inayoonyesha wingi huo vizuri zaidi. Asili ya masomo ya maendeleo Mlimani ni mabishano makali yaliyofuata Azimio la Arusha la 1967: chuo kikuu katika nchi ya ujamaa kimfundishe mwanafunzi nini kumhusu mkulima anayemlipia karo? Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alikuwa akifundisha hapa miaka hiyo, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidunisha Afrika kilichapwa mwaka 1972 London na Dar es Salaam kwa pamoja. Yoweri Museveni alifika kama mwanafunzi mwaka 1967. Fasti yia wa leo huketi katika Ukumbi wa Nkrumah, jengo aliloliona utotoni nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla sarafu haijachukua nafasi ya noti hiyo mwaka 2014, na jambo linalomshughulisha zaidi ni kama kipaza sauti kitafika alipokaa.

Lugha ya mhadhara ni Kiingereza. Amekisoma miaka mingi, amefaulu mitihani yake, na bado saa moja ya Kiingereza cha kasi kuhusu nadharia asizowahi kuzisikia humwacha na daftari lenye vichwa vya habari bila miili. Kazi ya kuviwekea miili hufanyika kwingine.

Hufanyika kwenye kimbweta. Neno hili ni la Mlimani hasa: meza ya saruji iliyozungukwa na viti vya saruji, imejengwa chini ya mti au ukutani mwa jengo, haibebeki, haivunjiki, haina mwenyewe. Chuo kina maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, yenye uwezo wa kuchukua watumiaji 2,100 kwa wakati mmoja, na ni mahali pazuri. Lakini maktaba inataka ukimya, na msuli wa kikundi, yaani kusoma pamoja, hauwezi kupigwa kimya. Saa mbili usiku, kwenye kimbweta kimoja, utakuta watano au sita. Mmoja anasoma swali la mwaka juzi kwa Kiingereza. Ubishi unaanza hapohapo kwa Kiswahili: kwani anachotaka huyu ni sababu au ni matokeo? Mwingine anatoa mfano wa vyama vya ushirika vya kahawa kwao Mbinga, mwenzake anamkatalia kwa mfano wa pamba ya Bariadi. Wakikubaliana, yule mwenye mwandiko mzuri anaandika jibu kwa Kiingereza, kila mtu anapiga picha kwa simu, wanaingia swali la pili. Nadharia iliyowapita asubuhi ukumbini imeeleweka, na imeeleweka kwa ajili ya Mbinga na Bariadi. Mchana kuna hatari moja tu kimbwetani, tumbili, ambao wanajua mfuko wenye karanga unafananaje.

Ratiba nzima ya maisha haya huendeshwa na mtu mmoja asiyelipwa: CR, mwakilishi wa darasa. Ndiye anayeandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba kipindi kimehamia kumbi za Yombo, kwamba jaribio ni Alhamisi, kwamba hendauti ziko steshenari fulani na kopi inapatikana hapo tu. Fasti yia aliyechelewa kuingizwa kwenye kundi hilo amechelewa kuingia chuoni, hata kama ARIS inasema amesajiliwa.

Wenzako si wema siku zote, na maelezo haya yangedanganya kama yasingesema hivyo. Kwa miaka mingi Mlimani palikuwa na kitu kilichoitwa Mzee Punch, karatasi za kejeli na michoro zilizobandikwa ukutani usiku na mikono isiyojulikana. Wapo waliosema ilianza kama njia ya kuwasuta wenye majivuno. Ikaishia kuwaandama wanafunzi wa kike, hasa waliokataa kutongozwa, kwa kuwatangazia aibu na kuwatenga. Februari 1990 msichana mmoja aliyeandamwa hivyo alijiua, na ndipo Punch ikapigwa marufuku. Leo hakuna karatasi ukutani, ila kila mtu ana simu, na kundi la wanafunzi mia tatu linaweza kufanya usiku mmoja kile ambacho Punch ilikifanya kwa wiki. Binti anayeanza chuo anapaswa pia kujua jambo ambalo wiki ya maelekezo hulipitia haraka: kudai ngono ili kutoa alama au huduma ni jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na pa kushtaki ni TAKUKURU, hata nje ya chuo.

Siasa za wanafunzi zimepoa ukilinganisha na zamani. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, kisha akakata mishahara ya vigogo, na wa kwake mwenyewe. Fasti yia wa leo mara nyingi ndiyo kwanza ametoka JKT, maana mafunzo ya mujibu wa sheria kwa wahitimu wa kidato cha sita yalirudishwa mwaka 2013, na malalamiko yake yanahusu bumu. Humpigia kura mgombea wa DARUSO, serikali ya wanafunzi, aliyeahidi litatoka mapema.

Jumamosi ni ya jiji. Mlimani City, iliyofunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya chuo, iko karibu mno kukwepeka. Fasti yia huingia, hupigwa na baridi ya kiyoyozi, hupiga picha, hutoka bila mfuko. Kariakoo huenda mara moja akiwa na mwenyeji, kwa mwendokasi kutoka Ubungo, akiwa ameshika simu kwa mikono miwili. Kwenye daladala hugundua kwamba konda hamtambui tena: hana sare, kwa hiyo si mwanafunzi, alipe nauli ya mtu mzima. Jumapili au Ijumaa humkuta kanisani au msikitini, na vikundi vya dini vya wanafunzi, USCF, TMCS, MSAUD na vingine, hufanya kazi ambayo haiko kwenye katiba zao: kumtafutia mgonjwa uji na mwenye msiba nauli.

Kisha huja UE, mtihani wa mwisho wa muhula, wenye alama 60 kati ya 100. Zile 40 zimeshapatikana au kupotea kwenye majaribio na kazi za semina. Alama 70 ni A, 60 ni B+, 50 ni B, 40 ni C. GPA ya 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, na wengi waliokuja Novemba wakiitaja, Februari huwa wanaulizia tu kama kuna waliosapu wengi. Aliyefeli kozi husapu, yaani hurudia mtihani. Aliyefeli kupita kiasi hudisko, yaani huondolewa chuoni, anafungasha ndoo na begi, na kitanda chake hupata mtu mwingine wiki hiyohiyo. Mara nyingi anayedisko mwaka wa kwanza si yule mwenye akili ndogo darasani. Ni yule aliyekuwa peke yake: hakuwa na kimbweta, hakuwa na CR wa kumpigia, alikaa mbali kwa ndugu Mbagala au Gongo la Mboto akitumia saa nne kwa siku barabarani, na hakuna aliyegundua kwamba ameacha kuja mpaka karatasi ya mahudhurio ya semina iliporudi bila saini yake.

Ndugu hao wa mbali huchaguliwa na wazazi kwa nia njema, kwa sababu chumba ni bure na mtoto ataangaliwa. Mzazi mwenye mtoto anayekwenda Mlimani mwaka huu afikirie mara mbili. Na hata kama jina la mtoto limetoka katika awamu ya kwanza ya mkopo, Bodi hailipi mpaka chuo kimsajili na mwenyewe athibitishe kupokea, kwa hiyo asipande basi bila hela ya kula ya mwezi mmoja mfukoni.